Mgeni Kwenye Moto wa Mwaka

Mfugaji anayehamahama kati ya Garissa na Wajir hawezi kupanga safari za ngamia wake kwa kalenda ya Kiislamu, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Mwezi mwandamo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani iliyoangukia mvua za Gu, baada ya miaka michache itaangukia ukame wa Jilaal. Kwa ibada hilo halina neno; kwa mifugo lina neno kubwa. Ndiyo maana Wasomali, kando ya kalenda ya dini, walikuwa na ya pili, ya siku 365, inayoanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, wakati Gu imekwisha na upepo wa Hagaa unavuma. Hesabu yake inaingia akilini bila karatasi. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja ya ziada, hivyo mwaka ulioanza Jumapili hufuatwa na mwaka unaoanza Jumatatu, na kila mwaka ukaitwa kwa jina la siku yake ya kwanza. Mzunguko mzima ni miaka saba. Mzee aliyekumbuka kwamba mwaka fulani wa Ijumaa ulikuwa wa njaa, aliupokea mwaka wa Ijumaa uliofuata kwa tahadhari, akapunguza mifugo mapema. Musa Galaal, mtafiti wa Kisomali, aliyakusanya maarifa haya katika kitabu kilichochapishwa Mogadishu mwaka 1968. Mtu akikisoma anaona wazi kwamba wajuzi wa nyota walioyahifadhi walikuwa wakifanya kazi ya kutazama anga usiku baada ya usiku, wakilinganisha mwezi na nyota unazopita karibu nazo. Kuwaita wapiga ramli ni kuwaonea.

Usiku wa kufungua mwaka huo ni Dabshid, usiku wa kuwasha moto. Kila familia huwasha moto wake nje ya makazi, watu wakauzunguka na kuuruka, na mwaka uliopita ukahesabiwa umefungwa. Kusini zaidi, katika mji wa Afgooye kando ya mto Shabelle, mwaka mpya uliletwa na Istunka, pambano la fimbo kati ya pande mbili za mji, likiambatana na washairi wa kila upande na ngoma. Pwani yetu ina ndugu wa sherehe hii. Waswahili waliishika kalenda ya jua ya Nairuzi, iliyofika na mabaharia wa Kiajemi na Kiarabu, wakaigawa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada zikaitwa gatha. Mkulima alipanda kwa miongo hiyo, nahodha akang'oa nanga kwayo. John Gray aliandika juu ya Nairuzi ya Unguja katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1955, na mengi aliyoyaeleza bado yanaonekana Makunduchi kila Julai: wanaume wa pande mbili wanapigana kwa mashina ya migomba, wanawake wanaimba nyimbo za kuwachokoza wenzao, kibanda cha makuti kinachomwa moto na watu wanaangalia moshi unaelekea wapi. Lamu na Mombasa, Siku ya Mwaka ilikuwa ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja.

Wengi walioziandika sherehe hizi wamezieleza kama masalio, yaani mabaki ya dini za zamani yaliyojificha chini ya Uislamu. Nadhani maelezo hayo yanaliacha jambo lenyewe nje. Mabaki hayafanyi kazi, ilhali sherehe za mwaka zilikuwa na kazi, na kazi yake haikuwa ya dini wala ya ukoo. Zilijibu swali ambalo dini na ukoo haviwezi kulijibu: nani ni mtu wa hapa? Ng'ombe wa Mombasa na Lamu hakuzungushwa kwenye nyumba za ukoo mmoja. Alizungushwa mji, na aliyekuwa ndani ya duara hilo alikuwa ndani ya kinga yake, awe mwungwana, mgeni wa msimu au mtumwa. Afgooye mtu alipigania upande anaokaa. Makunduchi wameliweka wazi kuliko wote, maana wenyeji wanaamini kwamba nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka Kogwa, yaani Nairuzi yao, imekosa heri, na kwa hiyo mpita njia huvutwa mkono aingie ale. Mgeni njoo mwenyeji apone ni methali ya kila siku, lakini huko, siku hiyo, ni sharti la sherehe. Mgeni asipokuwapo, sherehe ina pengo. Idd haidai hivyo. Idd ni ya waumini popote walipo duniani, na uzuri wake ni huo huo. Sherehe ya mwaka ni ya mahali, na inamtaka yeyote aliyepo pale mwaka unapogeuka.

Hoja hii inapata ushahidi mahali ambapo watu wa Garissa wasingetarajia, nao ni kusini mwa Uholanzi. Vita vya Somalia vilipoanza na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa karibu na Dadaab mwaka 1991 na 1992, Wasomali walitawanyika pia Ulaya, na mji wa Tilburg, katika mkoa wa Noord-Brabant, ukawa na jamii kubwa ya Wasomali. Wengi baadaye walihamia Uingereza, hasa Leicester na Birmingham, wengine walibaki. Waliobaki waliikuta karnivali. Kwa siku tatu, Jumapili hadi Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima, miji ya kusini mwa nchi hiyo husimamisha shughuli, hubadili majina yake, na mameya hukabidhi ufunguo wa mji kwa mtu anayeitwa mwana mfalme wa karnivali. Tilburg huwa Mji wa Mitungi. Jina hilo linatokana na ufumaji wa sufu uliowalisha watu wake kwa vizazi. Viwanda vilihitaji mkojo wa kuoshea na kukazia sufu, na inasimuliwa kwamba wafumaji maskini waliukusanya kwenye mitungi wakaupeleka kiwandani kwa malipo madogo. Majirani wakawacheka, na wao wakaitwaa kejeli hiyo wakaifanya bendera ya sherehe yao. Nyimbo za kejeli zina maana ile ile Makunduchi: kinachouma mwaka mzima kinatolewa nje siku hiyo, mbele ya wote, kwa idhini ya wote, na mtu hawezi tena kukitumia kama silaha ya siri.

Mji wa 's-Hertogenbosch una mengi ya kutufundisha zaidi. Ulitekwa na majeshi ya Waprotestanti mwaka 1629, na kwa zaidi ya karne moja na nusu Wakatoliki wa kusini walikatazwa ibada za hadharani. Karnivali ikawa ya mitaani na ya vilabuni, bila mwenye kuisimamia. Karne ya 19 ilipofika, wenyeji wa kusini walianza kuipa mpangilio. Chama cha Momus kilianzishwa Maastricht mwaka 1839, Jocus kikafuata Venlo mwaka 1842. Huko 's-Hertogenbosch viongozi wa Kanisa lenyewe walitaka sherehe ife, kwa sababu ya ulevi na fujo, na wananchi wakajibu kwa kuunda klabu mwaka 1882 ili kuiweka kwenye utaratibu na kuiokoa. Utaratibu walioubuni ni wa busara sana. Kwa siku hizo mji unakuwa kijiji cha kubuni kiitwacho Oeteldonk, na katika kijiji wote ni wakulima, kwa hiyo tajiri na fundi wanavaa nguo moja: shati pana la mkulima lenye viraka, na skafu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano. Anayetawala sherehe, Prins Amadeiro, si mzaliwa wa kijiji hicho. Yeye ni mgeni mwalikwa, na kila mwaka, Jumapili, saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, anapokelewa kwenye kituo cha treni kama mtu anayetoka mbali. Wakulima wa kubuni wanampokea mgeni wa kubuni, na sherehe haianzi mpaka ashuke. Kwamba watu wa Makunduchi na watu wa Brabant, wasiojuana hata kidogo, wote wameona kwamba sherehe haikamiliki bila mgeni, ni jambo ambalo halielezeki kwa dini ya kale ya upande wowote.

Kwa hiyo mtu aliyetoka Garissa akafika Tilburg au Bergen op Zoom hana sababu ya kusimama pembeni kama mtazamaji wa jambo geni kabisa. Anachohitaji kujua ni kidogo na ni cha mahali. Kila mji una vazi lake, na kuvaa la mji mwingine, au kununua dukani kofia yoyote ya kuchekesha, ndiko kunakomtia mtu ugeni zaidi ya rangi ya ngozi yake. Bergen op Zoom watu huvaa pazia kuukuu la lesi mabegani na kitambaa chekundu shingoni, vitu vya nyumbani ambavyo maskini yeyote angevipata, na hakuna anayeulizwa pazia lake limetoka dirisha gani. Maandamano ya magari yaliyopambwa hupita mchana, na watoto wana ya kwao. Nyimbo huimbwa kwa lahaja ya mji, na mgeni anayejifunza kiitikio kimoja amefanya zaidi ya aliyejifunza sarufi ya Kiholanzi sanifu mwaka mzima, kwa sababu hata Mholanzi wa Amsterdam huijua lahaja hiyo kwa taabu na anaposhuka kusini naye huwa mgeni.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la dini. Karnivali imejaa bia, na hilo haliwezi kupunguzwa kwa maneno matamu. Mwislamu anayekataa kuingia kwenye baa usiku wa Jumatatu ya karnivali ana haki yake kamili, na sherehe iliyojengwa kumpokea mgeni haiwezi kumlazimisha. Lakini tuseme pia kwamba Wakatoliki wa huko walilijua tatizo hili kabla yetu. Mapadri wao walilipigia kelele karne nzima, na waliookoa sherehe waliikubali hoja ya mapadri, wakapunguza fujo, wakabakiza maandamano, mavazi na ufunguo wa mji. Kwa upande wetu, wako mashekhe wanaosema moto wa Dabshid ni wa Majusi na Nairuzi ni ya Waajemi walioabudu moto. Asili ya Nairuzi kweli ni Uajemi. Hata hivyo asili haitoshi kuhukumu tendo. Wafugaji na wakulima walioziadhimisha karne kwa karne walikuwa Waislamu wanaofunga na kuswali, na hawakumwomba moto chochote. Walitaka kujua mwaka umeanza lini ili wajue mvua ya Deyr iko siku ngapi mbele. Mjini, Siku ya Mwaka ilikwenda pamoja na visomo na sadaka. Anayeiona haramu asiiendee, na aheshimiwe. Asichoweza kudai ni kwamba babu zake waliokuwa wakiihesabu walikuwa nje ya dini.

Pingamizi la pili ni kwamba ninafananisha visivyofanana: karnivali imefungwa kwenye Pasaka, Dabshid kwenye jua, Istunka kwenye siasa za mji mmoja wa bonde la Shabelle. Nakubali kwamba hazina mzazi mmoja. Nisichokubali ni kwamba kufanana kwake ni kwa bahati. Kila mahali tunakuta tarehe isiyojadiliwa, mpaka wa eneo uliopitwa kwa miguu, ruhusa ya kusema na kupigana kwa kiasi, na mwisho unaojulikana. Mwisho huo ndio unaosahauliwa na wanaosema mapambano ya fimbo hupanda chuki. Istunka ilijeruhi watu, ni kweli. Lakini fimbo ilikuwa ya siku hizo tu, wazee wakisimamia, na ugomvi wa pande mbili ulipata mahali pa kutokea kabla haujawa mkuki. Jumatano ya Majivu hali kadhalika: usiku wa Jumanne 's-Hertogenbosch wanamzika Knillis, sanamu ya mkulima iliyosimama uwanjani siku zote za sherehe, na asubuhi mji unarudi kwenye jina lake. Ruhusa isiyo na mwisho ni ghasia. Ruhusa yenye mwisho inawafunza watu kwamba wanaweza kugombana wakabaki majirani.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu swali zito liko Garissa. Kijana wa Garissa leo anaweza kumaliza shule bila kuuona moto wa Dabshid hata mara moja. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba dini imeimarika na watu wamehamia mjini. Yote mawili yana ukweli, ila hayatoshi, maana Unguja nako dini imeimarika na watu wamehamia mjini, na Makunduchi bado wanakoga mwaka. Tofauti iko kwenye namna Kaskazini Mashariki mwa Kenya, iliko Garissa, ilivyotawaliwa. Tangu sheria ya Waingereza ya wilaya za pembezoni ya 1902, kisha ile ya wilaya maalumu ya 1934, kuingia na kutoka katika eneo hili kulihitaji kibali, na mfugaji aliwekewa mpaka wa malisho uliochorwa na afisa. Uhuru haukuubadilisha utaratibu huo, uliukaza. Tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa, ikaendelea hadi 1991. Katika vita vya shifta, kuanzia 1966, familia zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya kulindwa na mifugo mingi ikapotea. Mtu asiye na ngamia, aliyefungiwa kijijini, hana haja ya kujua huu ni mwaka wa siku gani. Kalenda ilinyang'anywa kazi yake kabla ya shekhe yeyote kuikemea.

Likafuata jambo baya zaidi. Sherehe ya mwaka inahitaji vitu vitatu: usiku, moto na watu wengi uwanjani. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na wakazi wakakusanywa kwenye uwanja wa shule, wakakaa siku kadhaa bila chakula wala maji ya kutosha. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na mamia wakafa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni raia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti yake ya 2013. Kwa kizazi kilichopitia hayo, moto wa usiku na umati uwanjani vilikuwa na maana moja tu. Sidhani inahitajika kutafuta zaidi ili kueleza kwa nini watu waliacha kuwasha mioto ya furaha nje ya nyumba zao. Serikali iliwatendea wenyeji kama wageni wanaoshukiwa, na desturi iliyokuwa ikiwageuza wageni kuwa wenyeji ikafa katika miaka hiyo hiyo.

Hasara yake inaonekana kila mwalimu, muuguzi au karani anapotumwa Garissa kutoka Kisii au Machakos. Anapewa nyumba, anapewa onyo, na hakuna siku ya mwaka ambayo mji unamwambia aingie. Idd anaalikwa na jirani mwema, lakini kama mgeni wa dini ya wengine. Sikukuu za taifa ni hotuba na gwaride. Mashambulizi yalipozidi, basi la Mandera la Novemba 2014 na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka au waliomba uhamisho, na shule zikabaki na madarasa yasiyo na walimu. Sisemi kwamba moto wa Dabshid ungewazuia wauaji. Wauaji waliwatenga watu kwa dini kwa makusudi, na walichokilenga ni ule uwezekano wa watu wa dini mbili kuwa majirani. Mji wenye siku inayowahesabu wote waliomo ungekuwa na jibu la kuwapa walimu hao walipouliza kama wabaki.

Kurudisha siku hiyo kunawezekana, na mfano wa 's-Hertogenbosch wa 1882 unaonyesha njia: wananchi kwanza, klabu yenye kanuni, kisha idhini ya wakubwa. Wazee wanaokumbuka majina ya miaka bado wapo, Garissa na katika kambi za Dadaab, ambako waliokimbia bonde la Shabelle walikuja na kumbukumbu za Istunka. Mto Tana una Wamunyoyaya na Wapokomo, wenye misimu yao ya mafuriko na kilimo, na hesabu yao inapaswa kusikilizwa pia kabla tarehe haijawekwa. Ukingo wa mto karibu na daraja una nafasi ya moto mkubwa mmoja badala ya mioto mia ya nyumbani, na hilo lingewapunguzia polisi wasiwasi na kuwaruhusu watoto kuja. Washairi wa buraanbur, ambao leo tunawasikia zaidi harusini, wangepata jukwaa la kuwachokoza madiwani na gavana mbele ya umma. Na kabla moto haujawashwa, mtu mmoja apokelewe kwenye daraja akitokea upande wa pili wa mto: mwalimu aliyetumwa mwaka huo, au daktari, au mkimbizi aliyefika karibuni. Kitahitajika kibali cha mkutano wa usiku, na kibali hicho, katika eneo lililoishi miaka 28 chini ya hali ya hatari, kinafaa kuombwa kwa maandishi na kutolewa hadharani.